Seti ya chai ya bluu na nyeupe, duka la vyombo Mwanga, Kigoma

Shilingi 45,000 baada ya kuvutana bei: birika, vikombe sita na visahani vyake. Kauri yenyewe nzuri, ukiinua kikombe kwenye taa unaona mwanga unapenya. Ila mdomo wa birika unachuruzika, kitambaa cha meza kinalowa kila chai.

Mimi nafundisha historia, basi nikamweleza mama muuzaji kwamba rangi hizi zilimpagawisha hata Louis XIV, mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1670 alijengewa kasri dogo pale Versailles, Trianon de Porcelaine, likapambwa vigae vya bluu na nyeupe kuiga Wachina. Wafaransa walikuwa bado hawaijui siri ya kauri halisi; vigae vile vilikuwa vya udongo wa kawaida uliopakwa rangi, hali ya hewa ikaviharibu, na mwaka 1687 kasri likabomolewa. (Angalau birika langu ni kauri kweli.)

Mfalme huyohuyo mwaka 1685 alituma Wajesuiti wanahisabati (mapadri wa Kikatoliki) kwenda China. Walifika Beijing mwaka 1688, na mwaka 1693 Kangxi, mfalme wa China, alipougua homa ya malaria wakampa gome la mti wa kwinini, akapona, akawazawadia nyumba ndani ya eneo la ikulu. Sisi wa Kigoma malaria tunaijua, hatuoni ajabu. Mwaka 1697 mmoja wao, Bouvet, alirudi Ufaransa na vitabu vya Kichina, zawadi ya Kangxi kwa Louis.

Mama alisikiliza yote, akacheka: "Mwalimu, bei haishuki."

Wanafungia vyombo kwa magazeti tu. Kama unapanda treni kwenda Tabora, nenda na boksi lako.