Kesi za mirathi na ukoo wetu: uzoefu wangu wa kuwatafuta mababu mahakamani

Mtu wa Magharibi au Nyanza hapa Kenya akitaka kujua ukoo wake huenda kwanza kwa wazee, na ni sawa aanzie huko. Lakini mzee akihesabu ukoo huhesabu wanaume: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Mimi nilitaka kujua mama zao walikuwa nani, dada zao waliolewa wapi, na kwa nini kuna tawi letu ambalo halitajwi hata kwenye matanga. Hayo niliyapata kwenye kesi za mirathi, na sijaona kumbukumbu nyingine ya huku kwetu inayozikaribia.

Sisi ni Wamaragoli, yaani Waluhya wa Vihiga. Babu alikuja Bonde la Ufa kufanya kazi katika shamba la mzungu upande wa Njoro, akapata watoto huku, nasi tukakulia Nakuru. Shamba la baba yake lilibaki Vihiga, likagombaniwa na wana wa wake wawili, kisha na wajukuu wao. Ugomvi ulikuwa mkali kiasi kwamba wakubwa waliamua watoto wasiambiwe kitu. Kumbe wakati sisi tunanyamaziwa nyumbani, kila kitu kilikuwa kimesemwa kortini, kwa kiapo, na kuandikwa.

Nilianza na simu tu. Tovuti ya Kenya Law huweka hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani, na husomwa bila malipo. Kesi nyingi za mirathi zina kichwa kinachoanza na maneno "In re Estate of" kikifuatwa na jina la marehemu, kwa hiyo nilitafuta kwa maneno hayo pamoja na jina la babu mkuu, yaani baba yake babu. Jina pekee halikutosha. Majina yetu yaliandikwa na makarani wa kila kabila, kila mmoja kwa alivyosikia: penye V utakuta B, penye L utakuta R, na jina la ubatizo linatokea kwenye karatasi moja na kupotea kwenye nyingine. Kilichonisaidia ni namba ya shamba. Jina la mtu huandikwa kwa namna tano, lakini namba ya shamba haina matamshi. Niliiandika jinsi ilivyo kwenye hati ya zamani na hukumu ikatokea. Shamba likigawanywa hupata namba mpya, na rejista ya ardhi huonyesha lilikatwa kutoka namba gani, kwa hiyo hata ukianza na kipande kidogo cha mjomba unaweza kurudi hadi shamba mama.

Sababu ya kesi hizi kujaa watu ni sheria yenyewe. Sheria ya Urithi, Sura 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu cha 51 kinamtaka anayeomba usimamizi wa mali ya mtu aliyekufa bila wosia ataje wajane au mume aliyebaki, watoto, wazazi, ndugu na dada walio hai, pamoja na watoto wa mtoto aliyekwisha kufa. Kifungu cha 40 kinasema mali ya mwenye wake wengi igawanywe kwa nyumba, kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai ahesabiwe kama mmoja zaidi. Jaji hawezi kugawa hivyo bila kuandika: nyumba ya kwanza ni mama fulani na watoto hawa, nyumba ya pili ni mama fulani na watoto hawa. Ndiyo sababu niliwakuta dada za babu wamepangwa mmoja mmoja, wanawake ambao hesabu za wazee ziliwaruka.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Aliyekufa kabla ya sheria hiyo kuanza, mali yake hufuata sheria na mila za wakati alipokufa, lakini usimamizi wake unapitia sheria hii hii. Kwa hiyo mirathi ya mzee aliyefariki kabla ya Uhuru inaweza kufika kortini katika karne hii. Usione hukumu ni ya juzi ukadhani haina watu wa zamani. Nimesoma hukumu za Kakamega ambamo mashahidi wanaeleza habari za watu waliokuwa wazima wakati reli inafika Kisumu mwaka 1901.

Sasa, ushahidi wa watu wanaogombania ekari utauamini vipi? Hapa ndipo nilipotulia sana. Kila upande huuchora ukoo kwa namna itakayoupa shamba. Katika kesi yetu nyumba ya kwanza ilisema mama wa pili hakuwahi kuolewa, alikuja na mtoto mgongoni. Nyumba ya pili ikasema mahari yalitolewa na ikaleta mzee wa kuthibitisha. Hayo niliyaweka kando kama madai. Nikatafuta yale ambayo pande zote mbili ziliyasema bila kubishana. Babu mkuu alikuwa na dada aliyeachika akarudi nyumbani, akafa, akazikwa ndani ya shamba. Nyumba ya kwanza ilitaja kaburi lake kuonyesha mpaka ulipopita, na nyumba ya pili ikalitaja kaburi hilo hilo kuonyesha mpaka ulipita upande wa pili. Hakuna aliyekuwa na faida ya kumbuni huyo mama. Maadui wakikubaliana juu ya mtu, huyo mtu alikuwepo. Kupitia kwake nimewapata jamaa wa Bunyore ambao hatukujua kama ni wetu.

Uamuzi wa jaji nao usomwe kwa akili. Jaji anagawa mali, hapimi damu. Sheria inamhesabu pia kama mtegemezi mtoto ambaye marehemu alimchukua akamlea kama wake, kwa hiyo neno mtoto ndani ya hukumu halina uhakika wa kuwa mtoto wa kuzaa. Kwangu mimi huyo ni wa ukoo kamili, ila kwenye mchoro naandika alilelewa, nisije nikawapoteza watakaonifuata.

Baada ya hukumu nilikwenda kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Ombi la mirathi hutangazwa humo, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Matoleo mengi ya gazeti hilo, tangu lile la kwanza la 1899, yamepigwa picha na yanapatikana kwenye Google Books. Tangazo ni fupi lakini lina mambo: jina la mwombaji na sanduku lake la posta, uhusiano wake na marehemu, mahali marehemu alipokuwa akiishi, alipofia na tarehe. Kwa tangazo moja nilijua binamu wa babu alifia Kericho, kumbe kijijini walikuwa wakisema alipotelea Uganda.

Masjala ya mahakama ndiyo sehemu ngumu. Hukumu ni muhtasari. Utamu uko kwenye faili, yaani barua ya chifu inayotaja warithi, hati za viapo, cheti cha kifo, na karatasi za kukubali zenye alama za vidole gumba vya wazee wasiojua kuandika. Katika masjala moja niliambiwa faili haionekani, na kila niliporudi jibu lilikuwa lile lile. Inaumiza, maana karatasi ile haina nakala kwingine. Katika masjala nyingine karani alivuta faili niliyoomba asubuhi ile ile niliyofika, akanikalisha mezani nikasoma barua ya chifu kwa macho yangu. Nenda na namba ya kesi na mwaka wake, kitambulisho, na barua kwa naibu msajili ukieleza wewe ni nani kwa marehemu.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, kabla ya 1967, utakutana na mahakama za Waafrika, na kabla yake mabaraza ya wenyeji yaliyowekwa kwa sheria ya 1930. Nyaraka za utawala wa enzi hizo zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Humo ndani andika majina ya zamani: North Kavirondo, ambayo baadaye iliitwa North Nyanza, au Central Kavirondo kwa watu wa Kisumu na Siaya. Kumbukumbu za Mkuu wa Mkoa wa Nyanza zina alama PC/NZA. Maandishi ni mafupi na mengi ni madai ya mahari, lakini mahari ni ndoa, na ndoa ni ukoo. Nilisoma dai la ng'ombe mwekundu aliyekufa njiani kabla hajafika kwa wakwe, wakwe wakitaka wapewe mwingine. Jina la binti, la baba yake na la kijiji alikoolewa, yote yalikuwa pale kwa sababu ya huyo ng'ombe.

Kesi za mazishi nazo msizipuuze. Ile ya wakili S. M. Otieno ya 1987, kati ya mjane wake na ukoo wake wa Umira Kager, haikuwa ya mirathi, lakini ushahidi wake juu ya ukoo na mila za Wajaluo ni mrefu, na iliisha kwa yeye kuzikwa Nyalgunga, Siaya.

Je, napendekeza? Ndiyo, kwa moyo wote, hasa kwa familia za wake wengi na zenye shamba lililosajiliwa. Familia ambayo haikuwahi kushtakiana itapata kidogo kwenye hukumu, ianzie kwenye Gazeti Rasmi na ofisi ya ardhi. Na kabla ya kutuma chochote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mpelekee kwanza aliye hai ambaye mama yake ametajwa humo, asome peke yake, aamue.