Huduma za wingu kwa kampuni changa: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Kabla ya 2006, kampuni changa iliyotaka kuiweka programu yake mtandaoni ilinunua seva, au ilikodi mashine kwenye kituo cha data na kufungwa na mkataba. Machi mwaka huo Amazon ikafungua S3, hifadhi ya mafaili ya kukodi, Agosti ikaja EC2, kompyuta za kukodi, na mtu mwenye kadi ya benki akaweza kukodi kompyuta kwa saa moja kisha akaiachia. Google ikafuata na App Engine, jukwaa la kuendeshea programu, 2008, Microsoft na Azure 2010. Siku hizi wingu, yaani kompyuta na hifadhi za kukodi kupitia mtandao, linapatikana kwa dakika chache. Kazi ni kuchagua, maana huduma ni mamia na majina yake mengi hayakwambii zinafanya nini.

Orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: muda wa mafundi wenu. Timu ya watengenezaji programu watatu huumia zaidi mmoja wao anaposhinda wiki nzima akibembeleza mitambo kuliko bili inapozidi kidogo. Kwa hiyo aliye nafasi ya kwanza hapa si wa bei ya chini kabisa.

1. Jukwaa linalokutunzia mitambo

Heroku, Render, Google Cloud Run na wenzao. Unapeleka msimbo wako, jukwaa linaujenga, linauendesha na kuuwekea cheti cha usalama kinacholinda mawasiliano ya watumiaji na tovuti; watumiaji wakiongezeka unaongeza uwezo bila kugusa seva. Hakuna anayeamshwa usiku kusasisha mfumo endeshi. Ukipiga hesabu kwa kila gigabaiti ya kumbukumbu utaona unalipa zaidi ya aliyekodi seva tupu anayoitunza mwenyewe, pengine mara kadhaa. Lipa tu, angalau hadi bili hiyo ikaribie mshahara wa fundi.

Hatari yake ni kwamba mwenye jukwaa anaweza kubadili masharti wewe ukiwa ndani. Heroku iliufuta mpango wake wa bure Novemba 2022, na wenye miradi midogo wakabaki na mawili: kulipa au kuhama. Kinga yake ni kuifunga programu ndani ya konteina, yaani kifurushi chenye kila inachohitaji ili iendeshwe popote, na kutumia hifadhidata inayopatikana kila mahali, kama PostgreSQL. Kabla ya kujisajili, uliza pia nakala rudufu za hifadhidata huchukuliwa mara ngapi, na kama unaweza kuzipakua mwenyewe. Wasipokupa jibu lililonyooka, tafuta kwingine.

2. Seva pepe ya kawaida

Hii ni sehemu ya kompyuta kubwa unayokodishiwa kama mashine kamili, uiendeshe mwenyewe. Wauzaji ni DigitalOcean, Hetzner, na Linode ambayo tangu 2022 iko chini ya Akamai. Uzuri wake ni bili inayotabirika: bei ya mwezi inajulikana, na ndani yake mara nyingi mna kiasi kikubwa cha data ya kutoka, yaani inayotoka kwenye seva kwenda kwa watumiaji. Kama timu ina mtu anayeijua Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, kweli, si aliyeifuata kwenye video moja, hii inaweza kupanda hadi nafasi ya kwanza.

Ila masasisho, ulinzi na nakala rudufu ni juu yako. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVH mjini Strasbourg, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data yao moja kwa moja. Nakala iliyo jengo moja na seva si nakala. Iweke mji mwingine, na ukiweza kwa kampuni nyingine kabisa.

3. Wakubwa watatu: AWS, Azure, Google Cloud

AWS ni wingu la Amazon, lenye S3 na EC2. Wengi huanzia kwa hawa kwa sababu ya krediti za bure, salio la kulipia huduma, wanazopewa wanaoanza. Zichukue, ila kila mwezi soma bili kana kwamba hazipo, kwa kuwa zitakwisha na mfumo wako utakuwa umeshazoea anasa. Krediti huwafanya watu wawashe hifadhidata kubwa kwa programu yenye wateja arobaini.

Bei ya mashine yenyewe huonekana mapema. Kinachowashtua wengi ni data inayotoka. Kuingiza data kwa kawaida ni bure, kuitoa kunalipiwa. AWS hukupa GB 100 za kutoka bila malipo kwa mwezi. Sasa chukua programu ya video: watumiaji 1,000, kila mmoja akitazama GB 1 kwa siku, ni takriban TB 30 kwa mwezi. Zile GB 100 zinaisha ndani ya saa tatu za kwanza. Mwaka 2024 wote watatu walitangaza kuwaondolea ada hiyo wateja wanaoondoka kabisa, lakini trafiki ya kila siku bado inalipiwa. Na ukumbuke, tahadhari ya bajeti unayoiweka ili ujue bili ikivuka kiwango hukutumia barua pepe tu. Kwa kawaida haizimi chochote.

Ukubwa nao hauzuii ajali. Februari 2017 amri moja iliyoandikwa vibaya wakati wa matengenezo iliangusha S3 katika eneo la Virginia ya Kaskazini kwa saa kadhaa, na tovuti nyingi zikaanguka nayo.

Waweke hawa mbele iwapo mnahitaji chipu za kufunzia akili bandia, vituo katika mabara kadhaa, au vyeti vya usalama ambavyo benki na hospitali huvidai kabla ya kusaini.

4. Vitendaji bila seva

Hapa unapeleka kipande kidogo cha msimbo kinachoamshwa kunapotokea kazi, kisha kinalala. Mfano ni AWS Lambda, iliyotangazwa 2014, na jamii yake. Ni nzuri kwa kazi za hapa na pale: kupunguza ukubwa wa picha, kutuma risiti. Hulipi pasipo kazi. Lakini kila utekelezaji wa Lambda una kikomo cha dakika 15, na mfumo mzima ukijengwa hivi, kuuhamisha ni kuuandika upya.

5. Seva zako mwenyewe

Wakati wake bado. Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili, ilianzia kwenye S3 ya Amazon, ikahamishia sehemu kubwa ya mafaili kwenye mitambo yake ilipokuwa tayari na mamia ya mamilioni ya watumiaji.

Kabla ya kusaini

Ahadi ya upatikanaji wa asilimia 99.9 inaruhusu takriban dakika 43 za kukatika kila mwezi, na fidia yake mara nyingi ni krediti, si pesa za mauzo uliyopoteza. Kuhusu punguzo la kujifunga, yaani kuahidi kulipia kiwango fulani kwa mwaka mmoja au mitatu, likatae kwanza. Subiri matumizi yatulie kwa miezi kadhaa, kisha jifunge kwa kile kiwango cha chini ambacho hamjawahi kushuka chini yake. Kinachozidi hapo endelea kukilipia bei ya kawaida.