Ofisi ya mawakili iliyonisimamia kwenye dai langu la fidia ya VA: tathmini ya mteja

Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kwa miaka minane, na mwaka mmoja kati ya hiyo niliutumia Bagram, Afghanistan, nikiendesha malori ya mafuta. Niliingia kupitia MAVNI, ule mpango uliowasajili wahamiaji kwa ajili ya lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kwa kuwa wenzangu kadhaa wa njia hiyo wamekuwa wakiniuliza kama ni lazima kumlipa wakili ili Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, yaani VA, iwape haki yao, nimeona nieleze jinsi ofisi moja ndogo ya mawakili hapa Texas ilivyonihudumia kwa miezi kumi na minne.

Nilipeleka dai mwenyewe, bila msaada, kwa maradhi mawili: pumu na maumivu ya mgongo. Dai la pumu halikunisumbua. Sheria ya PACT ya mwaka 2022 inachukulia kwamba pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi kwa mtu aliyekuwa Afghanistan ilitokana na utumishi huo, kwa sababu ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka, na hivyo nilipewa kiwango cha ulemavu cha asilimia 30 bila kuulizwa maswali mengi. Mgongo ulikataliwa. Barua ya uamuzi ilikiri kwamba ninaumwa, lakini ikasema kwamba hakuna kinachounganisha maumivu hayo na jeshi, kwani daktari mpimaji aliona ni uchakavu wa kawaida wa umri. Wakati huo nilikuwa na miaka 38.

Mazungumzo ya kwanza na wakili hayakulipiwa, na jambo lililonifanya nimwamini ni kwamba alianza kwa kunipunguzia kazi ambayo angeweza kunitoza. Aliisoma barua ya uamuzi, akaitazama DD 214 yangu, yaani hati ya kuondoka jeshini, kisha akasema kwamba suala la pumu limekaa sawa na nisiliguse. Kuhusu mgongo hakuahidi chochote hadi apate jalada langu zima kutoka VA, ambalo lilichukua miezi mitatu kufika. Lilikuwa na kurasa zaidi ya mia tisa, na ukurasa tuliouhitaji ulikuwa umenakiliwa kichwa chini katikati ya rekodi za meno: karatasi ya zahanati ya Bagram inayoonyesha kwamba nilifika na maumivu ya mgongo baada ya kupakua mizigo, nikapewa dawa za kutuliza na siku tatu za kazi nyepesi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau. Daktari mpimaji hakuitaja popote katika ripoti yake.

Hapo ndipo nilipoelewa anacholipiwa wakili. Tangu Februari 2019, anayekataliwa na VA ana njia tatu: kupeleka dai la nyongeza lenye ushahidi mpya, kuomba mkaguzi wa ngazi ya juu alipitie jalada kama lilivyo bila kuongeza kitu, au kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa ya VA, ambako kusubiri kunaweza kuhesabiwa kwa miaka. Mimi, kwa hasira, nilitaka Bodi. Wakili alinionyesha kwamba kilichokosekana kwetu ni ushahidi, wala si hakimu mwenye huruma, na akachagua dai la nyongeza. Alipata maelezo ya maandishi ya mwenzangu wa kikosi aliyekuwepo siku ile, akanipeleka kwa daktari wa mifupa aliyeandika kwamba uwezekano wa maumivu yangu kutokana na tukio la Bagram haupungui nusu. Kipimo cha VA ni hicho hasa: mizani ikilingana, mstaafu ndiye anayepewa.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi mitano, na mgongo ukapata asilimia 20. Anayetarajia 30 na 20 zifanye 50 ajiandae, kwa sababu VA huhesabu ile 20 kutoka kwenye 70 iliyobaki, ikapatikana 44, kisha ikashushwa hadi 40. Faida kubwa ilikuwa katika tarehe. Kwa sababu tulipeleka dai la nyongeza ndani ya mwaka mmoja tangu kukataliwa, malipo yalirudi nyuma hadi siku niliyopeleka dai la kwanza, na malimbikizo yakawa ya kutosha kulipa deni la gari.

Ada ilikuwa asilimia 20 ya malimbikizo hayo, ikakatwa na VA yenyewe na kupelekwa kwa wakili, bila kugusa malipo yangu ya kila mwezi yanayofuata. Kiwango hicho sheria inakiona kuwa cha haki, na kinachozidi theluthi moja kinahesabiwa kuwa cha kupita kiasi mpaka ithibitishwe vinginevyo. (Mawakili wa zamani wangewaonea wivu hawa wa leo: kuanzia 1864 hadi 1988 aliyemtetea mstaafu mbele ya serikali hakuruhusiwa kupokea zaidi ya dola 10.) Lawama yangu ni kwamba barua ya daktari wa mifupa, dola 1,200, niliilipa mwenyewe, na kifungu kinachosema hivyo kimo ukurasa wa nne wa mkataba bila mtu yeyote kukitaja nilipokuwa natia sahihi. Vilevile simu zilijibiwa na karani karibu kila mara, na kuna kipindi nilikaa wiki sita bila kusikia neno.

Hata hivyo naipa nyota nne kati ya tano, na iwapo mgongo utazidi nitarudi kwao kabla ya kujibu tangazo lolote la kampuni zisizo na idhini ya VA ambazo hudai ada iliyo mara kadhaa ya nyongeza ya malipo ya mwezi. Aliye bado hajapeleka dai lake la kwanza asiende kwa wakili. Wakili haruhusiwi kutoza ada kwa hatua hiyo, na karani wao aliniambia kwamba watu wa namna hiyo huwaelekeza kwa vyama vya wanajeshi wastaafu kama DAV au American Legion, ambavyo huwajazia fomu bila malipo.