Ngazi ya habari: miezi minane ya kusoma na vijana wa Taipei kwa Breaking News English

Jioni mbili kila wiki, baada ya chakula, huketi na watoto wawili wa jirani yangu hapa Taipei kusoma Kiingereza: binti wa miaka 14 na kaka yake wa miaka 17, ambaye mwezi Januari atafanya mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu. Mama yao aliniomba msaada huu kwa sababu moja. Watoto wake walikuwa wamepita katika tuisheni za jioni, ambazo hapa huitwa buxiban, na walikuwa wamekariri sehemu kubwa ya orodha ya maneno ambayo wanafunzi wa Taiwan huiita "elfu saba"; lakini walipopewa ukurasa wa gazeti la Kiingereza waliusoma neno baada ya neno hadi mwisho, kisha wasiweze kusema habari yenyewe ilihusu nini. Kwa miezi minane sasa chombo chetu kikuu kimekuwa tovuti ya Breaking News English, na ninaitathmini hapa kwa ajili ya wazungumzaji wenzangu wa Kiswahili wanaofundisha vijana wenye Kichina kama lugha ya kwanza, au wanaofikiria kufanya hivyo.

Tovuti hii ilianzishwa mwaka 2004 na mwalimu aitwaye Sean Banville. Haitozi ada wala haidai kujisajili. Kila somo hujengwa juu ya habari moja ya siku za karibuni, ambayo imeandikwa upya kwa Kiingereza kilichopimwa, na viwango vyake ni saba, kuanzia sifuri hadi sita. Habari moja hutolewa kwa viwango vya chini, yaani 0 hadi 3, na nyingine kwa viwango vya juu, yaani 4 hadi 6. Makala ni fupi, kwa kawaida aya mbili, na huambatana na sauti ya kusikiliza kwa matamshi ya Uingereza na ya Marekani, mazoezi ya kufanyia kwenye skrini, na karatasi za kuchapisha: toleo dogo la kurasa mbili na toleo kamili linalozidi kurasa 20.

Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, imo katika ile ngazi, na ninasikitika kwamba walimu wengi niliozungumza nao huitumia kinyume. Wao huchagua kiwango kinachomfaa mwanafunzi, wakasoma makala ya kiwango hicho, kisha wakahamia habari nyingine. Sisi husoma habari ileile mara tatu, tukianzia kiwango cha nne na kupanda hadi cha sita katika jioni moja. Kijana anapofika juu tayari anajua nani alifanya nini na wapi, kwa hiyo nguvu zake zote huelekea kwenye umbo la sentensi, na hapo ndipo ugonjwa wa hawa watoto ulipokuwa tangu mwanzo.

Nieleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu mtu anayetoka kwenye Kiswahili huenda asiuone upesi. Katika Kiswahili tunasema "mchezaji aliyepiga mpira uliovuka uzio": jina linatangulia, maelezo yanafuata, na maelezo hayo yanaweza kuendelea kujikunjua kwa muda mrefu bila msikilizaji kupotea. Kiingereza hufanya karibu hivyohivyo. Kichina hupanga kinyume chake kabisa. Maelezo yote hutangulia, na jina linaloelezwa huja mwisho, kana kwamba tungesema "aliyepiga uliovuka uzio mpira mchezaji". Kijana aliyezoea kupokea maelezo kabla ya jina anapokutana na sentensi ya gazeti ambayo jina lake limetajwa mwanzoni, likafuatwa na vishazi viwili au vitatu kabla ya kitenzi kikuu, hukipoteza kitenzi. Binti alikuwa akifika kwenye nukta na kurudi mwanzo, mara nne, mara tano, na kila neno katika sentensi hiyo alikuwa analijua.

Ngazi ya viwango hutibu jambo hili kwa namna ambayo somo la sarufi halikuweza. Chukua mfano wangu mwenyewe: katika kiwango cha nne ungesoma kwamba wanasayansi walichunguza nyuki, kisha katika sentensi nyingine kwamba nyuki hao huishi mjini, kisha katika ya tatu kwamba wanasayansi walishangaa. Katika kiwango cha sita mambo hayo matatu yanakuwa sentensi moja, na nyuki wa mjini wamebanwa katikati, kati ya wanasayansi na mshangao wao. Nilimpa binti kalamu mbili za rangi, nikamwambia apake rangi moja sentensi fupi za chini, kisha azitafute mahali zilipojificha katika sentensi ndefu ya juu. Baada ya wiki sita hivi aliacha kuhitaji kalamu. Sijaona kitabu cha kiada kinachomwonyesha mwanafunzi sentensi ikikua mbele ya macho yake kwa namna hii, na kila wiki ikiwa na habari mpya.

Liko tatizo la pili ambalo tovuti hii haikuundwa kulitatua, na mwalimu hana budi kulijaza mwenyewe: majina. Sisi tunaosoma Kiswahili tumezoea kuliona jina la mgeni likiwa limeandikwa kama kwao, hivyo London ni London kila mahali. Kichina huandika majina ya kigeni kwa herufi zake, wakati mwingine kwa sauti na wakati mwingine kwa maana. Mji wa San Francisco huitwa Jiujinshan, yaani Mlima wa Dhahabu wa Kale. München ni Munihei. Trump ni Chuanpu hapa Taiwan na Telangpu ng'ambo ya mlangobahari, China bara. Kijana anaweza kuwa anaijua habari nzima kutoka kwenye televisheni ya nyumbani, akaikuta kwa Kiingereza asitambue kwamba ni ileile. Isitoshe, mwandiko wa Kichina hauna herufi kubwa, kwa hiyo ile ishara ndogo inayotuambia sisi "hili ni jina, usilitafute kwenye kamusi" wao huipita bila kuiona. Kaka mtu aliwahi kutumia dakika nzima akitafuta maana ya jina la ukoo la waziri.

Tarakimu nazo zina mtego wake. Kichina huhesabu kwa makumi ya maelfu, wan, na kwa mamia ya mamilioni, yi. Watu milioni 23 wa Taiwan ni wan 2,300. Kila kijana anapokutana na milioni katika habari hulazimika kusimama, kubadilisha kichwani, kisha kurudi kwenye sentensi ambayo uzi wake umeshakatika. Sasa kabla ya kuanza makala yoyote huandika pembeni majina yote na tarakimu zote, tukayatamka, tukaandika kando jina la Kichina, na tarakimu tukazibadilisha mara moja. Huchukua dakika tano. Kama tovuti ingekuwa na kisanduku kidogo cha majina kabla ya makala, kazi ingekuwa nyepesi zaidi. Lakini imeandikwa kwa wanafunzi wa dunia nzima, na si haki kuidai Kichina.

Kuhusu mazoezi, nitasema kwa ufupi. Kurasa zaidi ya 20 za toleo kamili hurudia makala ileile kwa sura nyingi: kujaza nafasi, kuoanisha maneno yenye maana moja, kupanga upya sentensi zilizovurugwa, kuulizana maswali wawiliwawili. Kwa darasa la watu 30 ni hazina. Kwa watoto wawili mezani, toleo la kurasa mbili linatosha, pamoja na maswali ya mjadala, ambayo ni mazuri na huwafanya watoe maoni yao badala ya kuyanukuu ya makala. Sauti huisikiliza baada ya kusoma, kamwe si kabla.

Uchaguzi wa habari huelemea sayansi, afya, wanyama, teknolojia na mambo ya kushangaza. Kwa binti wa miaka 14 hilo ni jema. Kwa kaka yake ni pungufu, kwa sababu makala ya aya mbili zilizosawazishwa hayana tabia za gazeti halisi: kichwa cha habari kilichonyofolewa vitenzi, aya ya kwanza inayobeba jambo zima, kauli za watu wanaopingana, historia ya jambo iliyopachikwa katikati bila onyo. Nililigundua hili nilipowaletea taarifa ya gazeti kuhusu fainali ya besiboli ya Premier12 ya tarehe 24 Novemba 2024, ambapo timu yao iliifunga Japani 4–0 katika uwanja wa Tokyo Dome. Nilidhani wangeteleza tu, maana mchezo huo waliuona kwa macho yao na kuukumbuka pigo kwa pigo. Binti alikwama kwenye neno la pili, kwa kuwa timu yao katika mashindano ya kimataifa huandikwa Chinese Taipei, na akakwama tena kwenye jina la Chen Chieh-hsien, nahodha anayempenda kuliko wachezaji wote, ambaye hakuwahi kuliona jina lake kamili kwa herufi za Kilatini. Alipomtambua alicheka kwa furaha, na kuanzia hapo akasoma mpaka mwisho bila kuinua kichwa, ingawa taarifa ile ilikuwa ngumu kuliko chochote tulichokuwa tumesoma. Tangu siku hiyo, kila wiki huongeza habari moja ambayo tayari wanaijua vizuri kwa Kichina.

Kwa hatua hiyo inayofuata, ukurasa wa lugha mbili wa Taipei Times umetufaa kuliko vingine, kwa kuwa huweka Kiingereza na Kichina pamoja, na jina lolote linalosumbua linapatikana upande wa pili. Huduma ya VOA ya kujifunza Kiingereza, ambayo tangu 1959 ilisomea dunia habari kwa mwendo wa polepole na kwa msamiati wa msingi wa maneno 1,500 hivi, ningeipendekeza kwa moyo wote, lakini mwezi Machi 2025 karibu wafanyakazi wote wa VOA walisimamishwa kwa amri ya serikali ya Marekani, na kwa habari za leo siwezi kumwambia mwalimu aitegemee. Tulijaribu pia programu moja ya simu ya kulipia, ambayo sitaitaja: ukigusa neno lolote, Kichina chake hutokea papo hapo. Katika wiki tatu watoto waligusa takriban kila neno, wakawa wanasoma Kichina kilichotawanyika juu ya Kiingereza, na nikaifuta.

Ningependekeza Breaking News English bila kusita kwa kijana mwenye Kichina ambaye ana msamiati wa kidato cha kwanza na kuendelea, mradi awe na mtu mzima wa kuketi naye na kumwandalia majina. Anayesoma peke yake aanze na kiwango kimoja chini ya kile anachodhani ni chake. Binti bado tunapanda naye kutoka cha nne hadi cha sita. Kaka yake nimemwondoa kwenye tovuti hiyo tangu mwezi uliopita, na sasa hufunika upande wa Kichina wa ukurasa wa gazeti kwa daftari lake, akasoma, kisha akalisogeza daftari polepole kuangalia kama alielewa sawasawa.