Kipima Brix cha dang'a (maziwa ya kwanza ya ng'ombe akishazaa), chupa ya ndama lita 2 na mifuko ya zipu: nimevitumia miezi minane, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa ng'ombe wa maziwa, mi nafugia huku Usa River, chotara watano na Friesian mmoja niliyemnunua kwa bei ya kuumiza, kwa hiyo msidhani ni shamba la tajiri. Mwaka jana nilipoteza ndama wawili mfululizo kwa kuharisha, wote majike, na wa pili alikuwa wa mbegu ya chupa, ile ya kupandikiza, niliyoisubiri muda. Daktari wa mifugo akaniuliza swali moja tu, "dang'a uliwapa saa ngapi na kiasi gani?" nikabaki namwangalia. Mi nilikuwa namwacha ndama anyonye mwenyewe, akishiba amejua yeye na mama yake. Ndo nikaenda kununua hivi vitu vitatu, kipima cha kujua dang'a ina kinga kiasi gani, mifuko ya kuigandishia na chupa ya kumnyweshea ndama.

Nianze na kipima maana ndo kilinitoa jasho. Nilienda duka moja la pembejeo Arusha mjini nikamwambia kijana nataka kifaa cha kupima Brix, yaani ukolezi wa kimiminika, akanitolea boksi zuri lina povu ndani na kitambaa cha kufutia, nikalipa 70,000 nikaondoka kifua mbele. Ng'ombe akazaa, nadondoshea dang'a, nachungulia, sioni mstari wowote. Nageuka huku, nageuka kule juani, hakuna. Mwanangu wa kidato cha pili ndo akasoma pembeni ya boksi, namba zinaanzia 58 mpaka 90. Kumbe ni cha asali! Cha dang'a kinatakiwa kianzie 0 mpaka 32. Kurudisha ikawa kesi, ooh bidhaa ikishafunguliwa hairudi, tumebishana pale mpaka wateja wakaanza kuniunga mkono ndo akabadilisha na nikaongeza 15,000. Kwa hiyo ukienda kununua angalia namba kwanza, usiangalie boksi.

Hicho cha pili sina neno nacho. Hakili betri wala chaji, unadondosha matone mawili kwenye kioo, unafunga kifuniko, unachungulia kwenye mwanga, pale bluu inapokutana na nyeupe ndo namba yako. Mstari wa dang'a huwa na ukungu kidogo kwa sababu ya mafuta, sio mkali kama wa maji ya sukari, ila utauzoea. Kila kabla ya kupima naweka tone la maji ya sindano ya duka la dawa, kale kachupa kadogo ka bei rahisi, likisoma sifuri naendelea, lisiposoma nazungusha kiskrubu cha juu.

Namba ya kushika ni 22. Ikisoma 22 kwenda juu maana yake ina kinga kama gramu 50 kwa lita, hiyo mpe ndama. Ndama wa ng'ombe anazaliwa hana kinga, kondo la mama yake halipitishi, sio kama mtoto wa binadamu, kinga yote anaipata kwenye ile dang'a ya kwanza. Na utumbo wake unaipokea kwa masaa machache tu, kila saa inavyopita mlango unajifunga, ikifika siku nzima umeshafungwa, umpe hata ndoo anapata chakula tu sio kinga. Kwa hiyo mi siku hizi ndani ya masaa mawili ndama ameshakunywa, na kiasi ni sehemu moja ya kumi ya uzito wake, wa kilo 35 napimia lita tatu na nusu.

Sasa hapa ndo nilishangaa. Yule Friesian wangu alipozaa alitoa dang'a ya njano, nzito, kama kiini cha yai la kienyeji, majirani waliokuja na vikombe vyao wakasifia kweli kweli. Napima, 17. Nikarudia, 17. Nikakumbuka alikuwa anachuruzika maziwa siku mbili kabla ya kuzaa, na yale yaliyomwagika zizini ndo yalikuwa na kinga yenyewe. Alafu kuna chotara mmoja mzee tunamwita Bibi, uzao wa tano huu, dang'a yake imepauka wala huwezi kuisifia, ikasoma 26. Yani miaka yote nilikuwa napima kwa macho na macho yananidanganya! Hela ya kipima ilirudi siku hiyo hiyo maana nilikuwa na mifuko ya Bibi kwenye friza, nikamyeyushia mtoto wa Friesian.

Kitu kingine kilichonifundisha ni kuchelewa kukamua. Kuna siku ng'ombe alizaa asubuhi mi niko msibani Tengeru, nikakamua jioni, ikasoma 19, haifiki 22. Kadiri dang'a inavyokaa kwenye kiwele baada ya kuzaa ndo inavyozidi kuchanganyika na maziwa ya kawaida. Siku hizi nikiwa naondoka nyumbani na kuna ng'ombe anakaribia kuzaa namwachia mama watoto maelekezo na namba ya simu ya daktari.

Mifuko. Ni ile ya zipu watu wanayowekea nyama, nachukua ya lita moja. Najaza, natoa hewa, nailaza kwenye sinia ndani ya friza igande bapa kama daftari. Zamani nilikuwa nagandisha kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, hiyo msijaribu, kuyeyusha inachukua nusu siku, huku nje imeshapata moto katikati bado jiwe, na ndama anasubiri. Bapa inayeyuka chini ya nusu saa. Tatizo la hii mifuko ni zipu, ya bei ya chini katika kumi miwili inavuja, kwa hiyo naweka mfuko ndani ya mfuko mwingine. Na andika kabla hujajaza, tarehe, jina la ng'ombe na Brix, maana ukishajaza umelowa na maka peni haishiki.

Friza yenyewe ni ya biashara ya mama watoto ya barafu na maji baridi, nimepewa kona moja tu ya chini. Jumamosi moja mtoto wa jirani katumwa barafu za embe, binti yetu wa kazi kampa mfuko wa njano wa lita moja. Wamerudi nao wakicheka, ulikuwa umeanza kulegea, ndama hakuweza kuupata tena maana dang'a ikishayeyuka hairudishwi kugandishwa. Tangu siku hiyo ina ndoo yake yenye mfuniko umo humo ndani ya friza. Ikiganda vizuri kwenye nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri inakaa mpaka mwaka. Kwenye friji ya kawaida mi siivushi siku mbili. Umeme ukikatika sifungui kabisa, na ukikatika siku nzima nakagua kila mfuko, uliolainika unaenda kupikwa. Mama mkwe anaipenda sana dang'a ya kupika, ile inayoganda kama jibini, hapo hamna hasara.

Kuyeyusha ndo wengi tunaharibu. Mara ya kwanza niliweka mfuko kwenye sufuria jikoni maji yanachemka, nikarudi nikakuta mayai ya kukaanga. Ikifika nyuzi 60 kinga zinaanza kufa hata kama kwa macho bado ni maziwa, kwa hiyo maji ya kwenye beseni yasizidi nyuzi 50. Nilikuwa napima kwa kidole, kidole cha mfugaji kimeshakomaa hakijui moto, nunueni kipimajoto. Ndama anywe ikiwa kama joto la mwili wake, 38 mpaka 40.

Na kipima hakioni uchafu jamani. Inaweza kusoma 26 na imejaa vijidudu, maana dang'a ikiachwa ya vuguvugu kwenye ndoo mlangoni bakteria wanaongezeka mara mbili ndani ya dakika 20 tu. Ikitoka kwa ng'ombe mwenye kiwele kibovu au aliyewahi kutupa mimba mi sigandishi hata isome ngapi. Ya jirani ambaye ng'ombe wake hawajapimwa pia hapana, hata tuwe marafiki vipi.

Chupa ya lita mbili 25,000, hii imenikwaza kidogo. Plastiki yake ngumu, ina alama za vipimo, inavumilia kusuguliwa na maji ya moto. Lakini chuchu yangu ilipasuka baada ya miezi mitatu, na kwenye nyuzi za kifuniko maziwa yanajificha, usiposugua na brashi ya meno siku ya pili unasikia harufu. Muuzaji alinishauri nitoboe chuchu zaidi ndama anywe haraka, nikamuuliza daktari akaniambia thubutu, inaingia kwenye mapafu. Na ndama dhaifu asiyenyonya usimlazimishe na chupa, wala usimwingize mpira kooni kama hujafundishwa, mi nilimwita daktari.

Bonasi ya kipima sikuitegemea. Daktari alimtoa damu mtoto wa Friesian siku ya pili, akaiacha itulie, yale maji ya juu akayadondoshea kwenye kipima hicho hicho. Ikianzia 8.4 ndama amepokea kinga. Wa kwangu alisoma 9.1, na mpaka leo hajaharisha hata mara moja, anakula majani kama amelipwa.

Kipima nakipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimekata kwa ajili ya ile kesi ya asali japo sio kosa lake. Mifuko tatu. Chupa tatu, ingekuwa nne kama wangeuza na chuchu ya akiba. Mwenye kujua duka la Arusha au Moshi linalouza chuchu peke yake anijuze, kuna ng'ombe mwingine anazaa mwezi ujao na hii niliyonayo nimeifunga na raba bendi.