Mtaalam wa tabia za mbwa niliyemwita nyumbani Mbezi, maoni yangu

Mliokuwa mnaniuliza kuhusu yule dada wa tabia za mbwa, haya ndo maelezo, nayaweka mara moja maana nimechoka kujibu mmoja mmoja. Kwa kifupi hela yake ni halali. Ila kama unataka mtu amchukue mbwa akurudishie kanyooka kama askari, sio yeye huyo, tafuta mwingine.

Jimi ni chotara, German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, na adui yake mkubwa duniani ni helmeti ya bodaboda. Mwanzo alikuwa ananguruma tu, jirani akatuletea treina mmoja (simtaji) ambaye yeye ni mnyororo wa kukaba shingoni, mbwa akinguruma anavutwa mpaka anyamaze, eti lazima ajue bosi nani. Kweli akanyamaza, halafu kijana wa gesi kaingia getini Jimi kamng'ata paja bila kutoa hata sauti!! Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, moja kwa moja hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa. Jimi kachanjwa ndio, lakini ule ugonjwa dalili zikishatokea ni kifo, huwezi kubahatisha na mtoto wa watu.

Ndo nikampata huyu dada. Kilichonishangaza hakukubali kuja kwanza, alisema mpeleke kwa dokta wa mifugo apimwe, mbwa mwenye maumivu anauma na mafunzo hayaondoi maumivu. Na kweli sikio la kushoto lilikuwa limeoza kwa ndani, ukiligusa tu anageuza shingo. Tukalitibu, ndo akaja.

Sasa siku ya kwanza jamani kaketi kwenye kiti cha plastiki mbali kabisa na banda, hamwangalii mbwa usoni, anamrushia vipande vya maini basi. Mama mkwe akaninong'oneza, "huyu naye kaja kupunga upepo?" Kumbe anasoma. Akatuita, angalieni, analamba pua, anapiga miayo, weupe wa jicho unaonekana pembeni, huyo hana usingizi huyo ana hofu. Akasema kunguruma ni kengele, yule wa kwanza alikata waya wa kengele akauacha moto unawaka. Hiyo habari ya bosi nayo akaieleza vizuri, kwamba ilitokana na mbwa mwitu (wale wolf) waliofungiwa pamoja bila kujuana, mtafiti mmoja Schenkel akaandika 1947, na hata mtafiti mwenzake David Mech aliyekuja kuisambaza baadaye mwenyewe akasema hapana, huko porini lile kundi ni baba, mama na watoto wao tu.

Kazi yenyewe inachosha kwa kweli, usije ukadanganywa. Helmeti inawekwa chini mwisho wa uwanja, Jimi akiiona anapata ini, ikiondoka na ini linaisha. Akitulia ndo inasogezwa kidogo, akikaza mwili mmewahi sana, rudisheni nyuma. Baadaye dada wa kazi akaivaa, baadaye boda wa kijiweni tukamlipa awe anasimama tu nje pikipiki imezimwa (anacheka mpaka leo). Banda likahamishwa nyuma, mnyororo wa mchana kutwa pale getini ukafa. Akamzoesha na kifunga mdomo cha kikapu, kile anachoweza kuhema na kunywa maji, kwa kumpakia siagi ya karanga ndani, ila soma kopo kwanza isiwe na xylitol, ile sukari mbadala, maana hiyo ni sumu kwa mbwa.

Pale nilipomvulia kofia ni kwa mlinzi wetu. Babu yule rungu halitoki mkononi, na Jimi akipita linainuliwa. Dada akamwamkia shikamoo, akakaa naye, "babu ukimtisha na rungu anakuogopa wewe, mwizi wala hamjui." Babu, "mwanangu, mbwa asiyeogopa fimbo huyo ni mbuzi." Hakubishana, akamwambia basi babu wewe ndo uwe unampa chakula cha jioni, rungu liache ndani tuone. Sahivi Jimi anamfuata babu lindo zima.

Mabaya yake: anachelewa, najua foleni ya Bagamoyo Road lakini si utume meseji. Nauli ni juu yako na hasemi mpaka mwisho. Na ule mpango aliutuma kwa Kiingereza kigumu wakati anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi, mpaka nikalalamika ndo akatuma voisi noti za Kiswahili, hizo zikawa safi.

Jimi hajapona, na mwenyewe alikataa kabisa kutumia hilo neno. Wageni wakija kikapu mdomoni, fataki za mwaka mpya bado zinamtesa, ila boda akipiga honi sasa hivi anageuka kuniangalia mimi ini liko wapi.

Ukitafuta wako jua kwamba hii kazi hata Uingereza na Marekani mtu yeyote anaweza kujiita treina, kwa hiyo kabla hujatuma hata senti muulize mbwa akikosea unamfanyaje. Akianza habari za mnyororo kata simu. Huyu wangu Jumapili hapokei, mtumie klipu ya mbwa kwanza na picha ya kadi ya chanjo, bila hivyo hakujibu.