Uchambuzi: Kwa tanga hadi St Kilda, hesabu siku kabla ya bei

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua safari ya chombo cha matanga kwenye visiwa vya mbali vya Uskoti, ile inayong'oa nanga Oban, bandari ya pwani ya magharibi, na tangazo lake limepambwa kwa picha ya St Kilda. Bei inauma, kwa hiyo tuanze na hiyo picha.

St Kilda iko kilomita zipatazo 64 magharibi mwa kisiwa cha North Uist, ndani ya Atlantiki, bila kisiwa cha kuikinga. Chombo kikienda noti sita, yaani kama kilomita 11 kwa saa, huo umbali peke yake ni saa sita. Na hapo hujahesabu siku za kutoka Oban hadi kufika North Uist. Sasa sikiliza: Village Bay, ghuba inayotumika kutia nanga na kushusha watu, imefunguka upande wa kusini mashariki. Upepo ukitoka huko, mawimbi yanaingia moja kwa moja mpaka gatini. Nanga inaburuta, boti ya mpira inapigwapigwa kwenye mawe, na nahodha mwenye akili anageuza chombo.

Jahazi la Lamu liliweza kupanga safari kwa msimu, kusi au kaskazi. Huko Uskoti upepo unaweza kubadilika mara tatu kwa siku moja. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji ni: siku ngapi? Ukiuziwa siku sita, kwenda na kurudi Oban, St Kilda ni bahati nasibu. Siku tisa au kumi zinampa nahodha nafasi ya kujificha visiwa vya Harris au Barra, akasubiri upepo utulie, kisha akavuka. Masharti nayo yasome kabla ya kulipa. Kwa kawaida yanasema njia itategemea hali ya hewa, na kukikosa kisiwa hakukurudishii pesa.

Ukibahatika kushuka Hirta, kisiwa kikubwa cha St Kilda, utakuta mtaa mmoja wa nyumba za mawe. Wakazi 36 wa mwisho waliondoka tarehe 29 Agosti 1930. Mlimani kuna vibanda vya mawe zaidi ya 1,200, walimohifadhi nyama ya ndege na mayai: kuta zinapitisha upepo, paa la nyasi linazuia mvua. Kabla ya kushuka kagua begi na viatu, maana kisiwa hakina panya wakubwa wa melini, na wakiingia watamaliza mayai ya ndege. Mbwa haruhusiwi kabisa.

Vituo vya karibu ni rahisi zaidi, ila si vyepesi. Kisiwa cha Staffa, penye pango la Fingal, kina gati dogo, kisha unatembea juu ya nguzo za mawe meusi yanayoteleza. Kisiwa cha Lunga hakina gati la kudumu. Ufuko ni mawe makubwa, na maji yakitoka unakanyaga mwani. Pafini, wale ndege wenye mdomo wa rangi, wako hapo tangu mwishoni mwa Aprili mpaka Julai inapokwisha. Ukija katikati ya Agosti utapiga picha mashimo yao.

Kushuka kwenye boti ya mpira: kaa kwanza ukingoni, zungusha miguu, mshike baharia kifundo cha mkono naye akushike cha kwako, halafu toka wimbi linapokuinua. Usiruke. Vaa gambuti, usije na raba.

Chumba cha omo, yaani mbele ya chombo, kinarukaruka kuliko vyote, na mara nyingi ndicho kinachobaki mwisho. Omba cha katikati, chini. Tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani nyuma na mbele mwisho hurudi tumboni mwa chombo, na kwa mtu anayelewa bahari hiyo si methali tu. Dawa meza kabla chombo hakijatoka kwenye hifadhi ya kisiwa cha Mull. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Choo, kwenye vyombo vingi vya aina hii, ni cha pampu ya mkono. Sukuma mpaka bomba lote lisafike, wala usikome baada ya mara tatu, na usitupe kitambaa: kikiziba, fundi ni baharia wenu.

Wengine huuliza mbona abiria huwa 12 tu. Uingereza, chombo kikizidisha hapo kinahesabiwa meli ya abiria, na masharti yanakuwa mazito.

Mwezi? Tunachagua nusu ya pili ya Mei au mwanzo wa Juni: mchana unakaribia saa 18, pafini wapo, na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, bado hawajachachamaa. Visubi wa huko huwashindi kwa nguo za mikono mifupi, ila upepo ukizidi kama kilomita 11 kwa saa hawaruki, kwa hiyo watakusumbua nanga ikiwa ndani ya ghuba tulivu, jioni, mnapotaka kula nje. Beba chandarua cha kichwa. Na begi liwe laini, la kukunjika. Sanduku gumu halina pa kukaa.